Dirisha la Nyuma la Mama Vero

Kwa miaka thelathini na minane nilipima madirisha ya watu nikiwa nimesimama nje. Niliweka utepe juu, nikauweka kando, nikaandika kwa chaki ukutani, nikaondoka. Wewe kijana unayeanza kazi ya kuchomelea, nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: ukifika kwa mteja, ingia ndani kwanza. Mwambie afunge mlango. Simama katikati ya chumba na uliangalie hilo dirisha kama mtu anayetaka kutoka. Mimi sikufanya hivyo hata mara moja. Nilikuja kujifunza asubuhi moja huko Manyatta, mtaa wa Kisumu, kichwa changu kikiwa tayari kimejaa mvi.

Lakini sitaki kuanza na asubuhi hiyo. Nikianza nayo utadhani maisha yangu yote yalikuwa moto, na mengi yake yalikuwa ya kuchekesha.

Aliyenifunza kazi alikuwa Fundi Yusuf, Mwislamu wa Kaloleni, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alikisema Dholuo vizuri kuliko mimi niliyezaliwa nacho. Karakana yetu ilikuwa mabati manne juu ya nguzo, kando ya barabara. Mwaka wangu wa kwanza alinituma Kondele nikapime dirisha la kanisa dogo. Nilisahau utepe, nikaona aibu kurudi, nikapima kwa kamba ya nailoni. Sasa wewe jaribu kuvuta kamba ya nailoni uone inavyorefuka. Tulipopeleka grili, ilizidi dirisha kwa kiganja kizima. Mchungaji aliangalia grili, akaangalia dirisha, akasema kwa upole, "Labda tungoje kanisa likue."

Fundi Yusuf hakucheka. Aliniambia niibebe kichwani nirudi nayo kwa miguu, saa saba mchana, katikati ya mji.

"Omera, ndugu yangu, unapeleka wapi hiyo jela yako?" mtu wa mkokoteni aliniuliza.

Nilimwambia ni zawadi ya arusi. Aliyefuata nilimwambia nimeshinda bahati nasibu. Nilipofika Kaloleni shingo ilikuwa imeingia mabegani, na tangu siku hiyo sijawahi kupima kitu chochote kwa kamba.

Siku nyingine nilichomelea bila kioo cha uso kwa sababu kazi ilikuwa ndogo, mishono mitatu tu. Jioni macho yangu yalikuwa kama yamejazwa mchanga wa moto. Fundi Yusuf alinikatia vipande vya kiazi kibichi, akaniwekea juu ya kope, akakaa kando yangu akinisimulia habari za ng'ombe wa jirani mpaka nikatulia. Naona sasa vijana wanachomelea na miwani ya jua ya sokoni. Miwani hiyo ni ya kutembea nayo Jumapili. Macho hayana vipuri.

Katika yote aliyonifunza, kuna moja ambalo lazima ulielewe ili uelewe yatakayofuata. Grili haishikwi na uzuri wa chuma chake. Inashikwa na miguu yake. Miguu ni vile vipande vya flati, yaani chuma bapa, tunavyochomelea kando ya fremu, vitatu kila upande, ncha zake zimepasuliwa zikatanuka kama mkia wa samaki. Hiyo miguu inazikwa ndani ya ukuta na kujazwa saruji, kisha plasta inapita juu yake, na hakuna anayejua iko wapi isipokuwa fundi.

"Mwizi atapiga chuma," Fundi Yusuf alikuwa akiniambia, "kwa sababu chuma ndicho anachokiona. Mwache apige mpaka achoke."

Mguu wa kwanza, shubiri moja kutoka pembe ya juu. Wa pili, katikati. Wa tatu, shubiri moja kutoka pembe ya chini. Nilizika miguu ya grili zangu hivyo hivyo maisha yangu yote.

Fundi Yusuf alipofariki, karakana ilibaki mikononi mwangu. Nikaanza kuweka alama yangu. Wengine waliweka jua, wengine almasi. Mimi katikati ya kila grili niliweka ngege mmoja wa flati, mgongo umepinda, na jicho lake nati. Watu walimpenda yule samaki. Nikipita mitaani na mke wangu, alikuwa akinivuta mkono na kuninong'oneza, "Wako yule." Baadaye mke wangu akaugua, akanitangulia. Mtoto wetu mmoja, Otieno, akaenda Uarabuni kufanya kazi. Nikabaki mimi na karakana, na hao samaki waliotapakaa mji mzima kwenye madirisha ya watu wengine.

Ndipo akaja Mama Vero.

Alikuwa mama wa watoto watatu, mjane, muuza mitumba soko la Kibuye. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili huko Manyatta, kuta za matofali ya udongo zilizopakwa plasta. Wezi walikuwa wametoa televisheni yake kupitia dirisha la nyuma.

"Fundi, nataka grili ya dirisha ya nyuma na mlango ya chuma," aliniambia. "Mwizi asiingize ata mkono."

"Hata paka hatapita, Mama."

"Paka sina shida na yeye. Ni mtu naogopa."

Nilimfanyia kazi nzuri. Nasema hivyo bila fahari, ingawa wakati ule fahari nilikuwa nayo. Mlango niliutilia kisanduku cha chuma cha kuficha kofuli, kile chenye tundu ambamo unaingiza mkono tu, ili mtu asiweze kuipiga kofuli kwa nyundo. Nilimpa nyundo yangu mwenyewe ajaribu. Alipiga mara tatu, akacheka, mkono ukamuuma. "Sasa nitalala," alisema. Kwenye dirisha la nyuma niliweka nondo za mraba, karibu karibu, na ngege wangu katikati. Binti yake Vero, wakati huo wa miaka sita, alisimama kando yangu siku nzima akiuliza kwa nini samaki hana mdomo. Nikamchongea mdomo kwa patasi.

Ilipita miaka miwili. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa Manyatta, ploti mbili kutoka kwa Mama Vero, nikirekebisha lango lililokuwa likisugua chini. Umeme ulikuwa umepotea tangu alfajiri, kwa hiyo nilikuwa na nyundo na patasi tu. Kama saa nne hivi nikasikia makelele. Mwanzoni nilidhani wamemshika mwizi. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Watoto wa Mama Vero wako ndani! Yawa, watoto wako ndani!"

Nilikimbia. Moshi ulikuwa ukitoka chini ya mabati upande wa mbele, mweusi, mzito, ule wa godoro na sponji za makochi. Baadaye ilisemekana ni jiko lililoangukiwa na pazia. Mama Vero alikuwa amekwenda sokoni asubuhi na kuwafungia ndani kwa kofuli, kama wanavyofanya akina mama wengi wasio na mtu wa kumwachia mtoto. Mtaa ule ulikuwa na pikipiki zinazopita kama risasi na mtaro usiofunikwa. Aliwafungia ili wawe salama.

Wanaume watano walikuwa mlangoni. Walikuwa na nyundo, na kila mmoja aliitafuta kofuli asiipate. Mmoja aliingiza mkono kwenye tundu akautoa haraka, umeungua. Nilijua hawatafungua mlango ule. Niliutengeneza usifunguke.

Nikazunguka nyuma. Huko watu wawili walikuwa wakizipiga nondo kwa jiwe, na nondo zikilia kama kengele. Ndani, Vero alikuwa amesimama juu ya kitanda, vidole vyake vimeshika samaki wangu. Alikuwa na miaka minane sasa. Alinitambua.

"Fundi," aliniambia, "fungua."

Hakupiga kelele. Aliniambia kama mtu anayemwambia mwenye ufunguo. Kwa akili yake ya mtoto, mimi ndiye niliyefunga, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua pa kufungulia. Na hapakuwa na pa kufungulia. Sikuwa nimeweka.

Sijui nilimjibu nini. Nakumbuka tu nilianza kupiga kelele: "Acheni chuma! Pigeni ukuta! Ukuta!"

Wale wawili waliniangalia kama mwendawazimu. Mtoto yuko nyuma ya nondo, na mzee anasema wapige ukuta. Nikaweka kiganja changu kwenye pembe ya juu ya dirisha, nikatanua shubiri, nikapigilia patasi palepale. Plasta ikaanguka, na ndani yake mkia wa mguu ukaonekana. Hapo wakaelewa. Jirani mmoja alikuwa akichimbisha choo. Mtaimbo ukatoka huko ukapita mikononi mwa watu mpaka kwangu. Matofali ya udongo yakishaondokewa na plasta hayana ubishi. Mguu wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka. Wa tatu saruji yake ilikuwa nzuri, nami niliilaani saruji yangu mwenyewe.

Nilipoinua macho Vero hakuwepo dirishani. Moshi ulikuwa unatoka sasa mahali uso wake ulipokuwa.

Mguu wa tatu ulipoachia, watu walivuta fremu, grili ikajikunja upande mmoja kama ukurasa, ikaacha nafasi ya mtu mwembamba kupita akijibana. Kisha kila kitu kikasimama. Nataka nikueleze hapa bila kujipamba. Tulikuwa pengine watu thelathini nyuma ya nyumba ile. Wengine walikuwa wameinua simu. Wengine walikuwa wanalia. Shimo lilikuwa wazi mbele yetu na hakuna aliyeingia. Mimi nilikuwa wa karibu kuliko wote, mtaimbo mkononi, na miguu yangu ilikataa.

Aliyeingia ni Mama Awuor. Alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale pembeni, mwanamke mwembamba aliyeshapita hamsini, ambaye kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwambia lolote zaidi ya habari ya asubuhi. Alijimwagia beseni la maji kichwani, akafunga leso iliyolowa mdomoni na puani.

"Shika miguu yangu," aliniambia. "Nikipiga teke mara mbili, vuta."

Akaingia kichwa kwanza. Nilishika vifundo vya miguu yake mpaka navyo vikateleza ndani. Tukamsikia akiita, "Vero! Felix! Nyathina, njoo kwa sauti yangu!" Mwanangu, alikuwa akiwaita. Felix, wa miaka mitano, alitokea mikononi mwake kama furushi. Tukampokea. Mama Awuor akarudi ndani. Safari ya pili alikaa muda mrefu, halafu akatokea akimburuta Vero kwa gauni, macho ya mtoto yamegeuka. Tukampokea naye, na Mama Awuor mwenyewe tukamvuta nje kwa mabega.

Alianguka kwa magoti, akatapika maji meusi.

"Mmoja bado," alisema. "Junior. Yuko chini ya kitanda, kwa ukuta. Mkono yangu haijafika."

Alijaribu kusimama, akakaa. Akajaribu tena. Kisha akaniangalia. Mikono yangu ni mirefu, na nadhani aliiona.

"Mzee," alisema.

Niliingia.

Ukiwa ndani ya moshi hewa iko chini, kando ya sakafu, kiasi cha kikombe. Nilijua hilo kwa sababu nimefanya kazi ndani ya matangi. Nililala kwa tumbo, shavu kwenye saruji. Sikuona kitu chochote. Nilisikia moto ukila chumba cha pili, sauti kama ya watu wengi wakirarua magazeti. Nikaingiza mkono chini ya kitanda: kiatu, sufuria, sanduku. Nikalisukuma sanduku. Nyuma yake nikagusa mguu, mdogo, wa moto, nao ukajivuta kunikimbia. Ukumbuke hili, hata kama huwi fundi: mtoto katika moto hujificha, na ukimgusa anakukimbia. Nilimshika mguu nikamvuta kwa nguvu ambayo sitaki kuikumbuka.

Dirishani nilimtoa nje kwa mkono wa kushoto. Ili nisianguke, mkono wa kulia nikashika grili.

Maisha yangu yote nilimjua chuma kwa rangi yake. Akiwa mwekundu, hakuna mjinga atakayemshika. Lakini kuna kiwango cha joto ambacho chuma anakuunguza na bado yuko mweusi vilevile, kama alivyo kila siku. Kiganja changu kilibaki pale. Nilisikia mlio wa ngozi kabla ya kuhisi maumivu, na watu wakanivuta nje.

Junior alikuwa na miaka miwili na nusu. Alilazwa kwenye majani, midomo ya kijivu. Mama Awuor alitambaa mpaka kwake kwa magoti, akamfungua mdomo, akampulizia pumzi yake, hiyo hiyo chache aliyokuwa nayo. Mara ya nne au ya tano mtoto akakohoa, akalia. Mabati ya nyumba yakaanguka ndani muda mfupi baadaye, lakini nadhani hakuna aliyegeuka kuangalia.

Mama Vero alifika juu ya bodaboda, ufunguo mkononi. Aliushika mbele yake vile, kama bado kuna mlango. Akaona watoto wote watatu, akakaa chini kwenye matope. Mtu mmoja katika umati akapaza sauti: "Mama gani anafungia watoto kama kuku?" Wengine wakaitikia. Nami nilikuwa nimesimama pale, fundi aliyetengeneza mlango usiovunjika na dirisha lisilofunguka. Nilikuwa na sauti. Sikuitumia.

Hospitalini nilikaa wiki nyingi. Wiki ya kwanza watu walikuja kwa makundi, na matunda, na simu za kunipiga picha. Mmoja aliniita simba wa Manyatta. Wiki ya pili alikuja mmoja wa kanisani. Baadaye nilikuwa nikisikia viatu kwenye kolido na kujaribu kubahatisha vinaelekea kitanda kipi. Otieno alipiga simu kila Jumapili, laini ikikatika kabla hatujamaliza salamu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikunjika vikabaki hivyo. Daktari aliniuliza kazi yangu ni gani. Nilipomwambia, aliandika kitu kwenye faili bila kuniangalia.

Mama Vero alikuja mara moja. Alisimama miguuni mwa kitanda.

"Baba, ero kamano," alisema. Asante.

"Watoto wanaendeleaje?"

"Wako. Junior anakohoa tu kidogo." Akanyoosha shuka miguuni mwangu. "Ni mimi niliwafungia."

Hapo ndipo ningemwambia. Ningemwambia, na mimi ndiye niliyekutengenezea. Tungegawana ule mzigo, tukapunguziana. Badala yake nikasema, "Mungu ni mkubwa." Ni maneno ya kweli, lakini nilimpa kama mtu anayefunga mlango. Aliinama, akaondoka. Nilipotoka hospitalini niliambiwa amehamia Bondo kwa dada yake, na hakuna aliyekuwa na namba yake.

Mama Awuor naye hakuwa Manyatta tena. Kifua chake kilikuwa kimeharibika, akarudishwa nyumbani kwao, mbele kidogo ya Katito. Nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, anachambua mtama, akipumzika kila baada ya kiganja.

"Watu walisema sana juu yako," nilimwambia. "Walisema hukuogopa."

"Walijuaje? Hawakuniuliza." Alivuta pumzi. "Mzee, nilikuwa na hasira. Nikiwa na hasira, sioni kuogopa."

"Hasira na nani?"

"Na hiyo chuma yako. Hiyo samaki."

Kuku walipita kati yetu.

"Umetengeneza ngapi?" aliuliza.

"Sijui, Mama. Mamia."

"Zote hazifunguki?"

"Zote."

Alirudia mtama wake. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akasema, bila ukali, kama anayemtuma mtu dukani, "Basi nenda ukakate."

Alifariki kabla ya mwaka kuisha. Mazishini palikuwa na wasemaji wengi na muda mchache. Walimsifu kwa kwaya na kwa kulea wajukuu. Moto hakuna aliyeutaja. Ulitokea mjini, na kijijini ulikuwa ni habari ya mbali. Nikaomba kipaza sauti. Nilisema, "Huyu mama aliingia ndani nikiwa nimesimama dirishani na mtaimbo. Ndiye aliyenifanya niingie." Msimamizi akanishukuru, akaita msemaji mwingine. Nilirudi Kisumu peke yangu, nimekaa dirishani kwenye matatu, nikitazama madirisha ya wengine barabara nzima.

Kwa hiyo sasa nakata. Grainda naishika kwa mkono wa kushoto, na kipini nakibana kwa kiwiko cha kulia, usiige. Mishono ya kuchomelea bawaba namwachia fundi mwingine, kwa sababu mkono wangu hautulii tena. Natembea mtaa kwa mtaa nikitafuta samaki wangu. Nikimwona, nabisha hodi na kuomba nikate kidirisha cha kutokea.

Usidhani napokelewa kwa shangwe. "Unatoka shirika gani?" wananiuliza. Nikiwaambia sitoki popote, ndipo wanaogopa zaidi. Mzee mmoja wa Nyalenda aliniambia nataka kuwaonyesha wezi njia, akamfungua mbwa. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai, akasema atafikiria, na kila nikipita ananiambia bado anafikiria. Wachache wanakubali, hasa wenye watoto wadogo. Siku ninapokubaliwa nalala vizuri.

Jifunze namna yake. Kata kipande kinachopitisha mabega ya mtu mzima, si kichwa tu. Bawaba ziwe upande mmoja, komeo na kofuli upande wa ndani. Ufunguo utundikwe kwenye msumari palepale chumbani, chini, mahali mtoto anafika lakini mkono wa mtu aliye nje haufiki. Usikisie, toka nje, ingiza mkono wako mwenyewe ujaribu kuuiba. Ukimaliza, mwite mtoto, mfunge macho kwa kitambaa, mwambie afungue. Akishindwa, kazi yako haijaisha, hata kama rangi imekauka.

Juzi juzi nilikata dirisha langu mwenyewe. Naishi chumba kimoja Kaloleni, na grili yake niliiweka zamani nikiwa na mke. Nilikuwa nimekwenda kwa watu wote hao bila kufikiria langu. Nilipomaliza kukata na kuzima grainda, nikasikia mtu anabisha kwa nguvu. Alikuwa jirani wa chumba cha pili, msichana aitwaye Lilian, anayefundisha chekechea. Alikuwa amekaa pale karibu mwaka, na jina lake nililijua siku hiyo.

"Mzee, kuna nini? Nilidhani unavunjiwa."

Nikamweleza. Nikamwonyesha kidirisha, komeo, msumari. Alisikiliza kama mwalimu anayesikiliza mtoto, mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Lakini wewe ukilemewa na moshi, nani anajua funguo iko wapi?"

Nilikuwa nimefikiria watoto wa watu tu. Nilijaribu kumtaja mtu, nikatafuta kichwani, na yeye akaona ninavyotafuta. Akanipita, akaugusa ufunguo pale msumarini, akapima kwa jicho kutoka mlangoni hadi kitandani.

"Basi mimi najua," alisema. "Twende uone yangu. Iko nyuma ya kalenda."

Sasa kila asubuhi akienda kazini hugonga kioo cha dirisha langu mara moja.

"Mzee, funguo iko?"

"Iko," namjibu.

Mara nyingi huwa nimeamka saa nzima kabla, nimeshavaa, nimekaa kitandani nikingoja kuulizwa.